Jeki Haina Ndugu

Kabla Tabita Giegere hajaajiriwa kwenye yadi ya meli, mtaa mzima wa Kamkumung, kwenye mji wa bandari wa Lae, ulimwita Mama Geti. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara, mashine moja ya kuchomelea, na foleni ya watu waliochoka kuibiwa. Alitengeneza mageti, nondo za madirisha, vitanda, na majiko ya mapipa ya kuokea mikate.

"Wezi wa Lae ndio walionijengea nyumba," alipenda kuwaambia wateja. "Wakiokoka wote Jumapili moja, Jumatatu mimi nitalala njaa."

Alikuwa mwanamke wa mabega mapana, meno yamekolea wekundu wa popoo, zile kokwa za kutafuna, na kicheko chake kilisikika ng'ambo ya barabara hata mvua inyeshe. Na Lae mvua haipiti njia, inahamia na virago vyake. Mikono yake ilijaa madoa madogo ya cheche, na yeye aliyaonyesha kama askari anavyoonyesha nishani. Unyenyekevu hakujaliwa. Ukimuuliza nani fundi bora wa kuchomelea vyuma upande huu wa mto, alikujibu jina lake mwenyewe kabla hujamaliza swali.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake Hagai, kule Finschhafen. Mtihani wa darasa la nane ulipowachuja watoto, Tabita alibaki kwenye kifumbu pamoja na machicha. Baba yake akasema basi, arudi shambani akalime viazi na mama yake. Mjomba Hagai, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alikuja akakaa barazani, akatafuna popoo lake hadi mwisho, akatema, kisha akasema: "Huyu mtoto ana jicho. Nipeni mimi." Wakampa. Kwa mjomba alijifunza kushika moto, kusikiliza mlio wake, na kutulia. Hagai alikuwa na mtoto wake mwenyewe, Nason, lakini yule alisoma vizuri, na mtoto anayesoma vizuri hapewi kazi ya kumchafua kucha. Nason akapelekwa chuo cha ufundi, akarudi na cheti. Tabita akaolewa na Kepas, mkulima wa karanga mwenye maneno mengi, wakahamia Lae.

Hamu ya kufanya kazi kubwa ilimshika mapema. Geti ni geti. Ukishatengeneza mia umetengeneza lile lile mara mia. Alitaka kuchomelea kitu kitakachoondoka mahali kilipo. Akaenda kwenye kampuni moja, mlinzi akamuuliza, "Cheti?" Hakuwa nacho. Akaenda nyingine. Pale alifika hadi dirishani, kijana mmoja akamwambia bila kuinua uso, "Mama, hapa tunataka watu wa chuo." Tabita akamwambia amletee chuma chochote achomelee mbele yake. Kijana akafunga dirisha. Kilichomuuma Tabita hakikuwa kukataliwa, maana alishazoea wateja wa kukataa bei. Kilimuuma kwamba hakuna aliyetazama.

Basi siku Kepas aliporudi kutoka sokoni na habari kwamba yadi ya meli kule ufukweni inaita mafundi wa kuchomelea, mwenye cheti na asiye nacho, Tabita alimtazama kama anayetaniwa.

"Nani kakwambia?"

"Wameandika getini kwao. Nimesomewa na watu watatu, wote wamesema neno lile lile: njoo na mikono yako, utapewa bamba la chuma."

"Na geti lao likoje?"

"Limepinda," Kepas akasema. "Kwa hiyo wanakuhitaji."

Aliyeleta mambo hayo ni Bi Vagi Kila, mkuu wa waajiriwa pale yadini, mwanamke wa pwani ya Moresby mwenye shahada yake ya chuo kikuu na miwani ya kamba. Baadaye, walipozoeana, alimsimulia Tabita jinsi alivyobishana na bosi wao. Bosi alilia kila mkutano kuwa mafundi hawapatikani, meli zinapanga foleni zikivuja. Bi Kila akamwambia: "Bosi, mimi nikitoka hapa kwenda nyumbani napita cheche kila kona. Mafundi wapo. Sisi ndio tumewafungia mlango, halafu tunalalamika hawaingii." Bosi akauliza watajuaje nani anajua na nani anadanganya. Bi Kila akamjibu kwamba chuma hakijui kudanganya, wapewe chuma.

Siku ya mtihani Tabita alifika amevaa buti za Kepas, mkoba wake wa kufuma umening'inia kichwani, na nusu ya Kamkumung imeshaambiwa kwamba kazi amepata. Wanaume waliokuwa kwenye mstari walimtazama.

"Mama, chakula cha wafanyakazi kinauzwa upande ule," mmoja akasema.

"Kanunue basi, ule ushibe," Tabita akamjibu. "Ukirudi utakuta nafasi imekaliwa."

Wakacheka. Mwingine akamtambua. "Huyu ni Mama Geti! Jamani, huyu ndiye aliyetengeneza geti la shemeji yangu."

"Liliibiwa?" wenzake wakauliza.

"Hapana. Funguo ndizo zilizopotea. Mpaka leo shemeji anaruka ukuta."

Msimamizi wa mtihani alikuwa Mfilipino mmoja aitwaye Crisanto, mzee mfupi mkimya aliyeishi Lae miaka mingi kiasi cha kutafuna popoo kuliko wenyeji. Alimpa kila mtu mabamba mawili mazito ya chuma cha meli, akawaonyesha pa kuyasimamisha, akasema maneno machache tu: "Yafanye yawe moja."

Tabita akashusha kofia ya kioo usoni, akapiga moto. Alipomaliza, akagonga ganda la juu kwa nyundo, mshono ukatokea uking'aa, mawimbi yake yamelalana kama ukili wa mkeka mpya. Aliinua kofia akatazama pembeni. Mishono ya wenzake ilikuwa na vinundu na makovu. Akasimama mikono kiunoni, akingoja sifa.

Crisanto akapitisha kidole. "Mzuri," akasema. "Mzuri sana. Sasa tuulize jeki."

Jeki ilikuwa pembeni, mashine ya kukunjia iliyofungwa kwenye meza ya chuma. Crisanto alikata kipande katikati ya mshono, akakilaza, akaanza kusukuma mkono wa jeki taratibu. Chuma kikaanza kupinda. Tabita akatabasamu. Kisha ukasikika mlio, *tak!*, na kipande kikafunguka kama mdomo.

Yule wa shemeji akasema, "Geti limefunguka lenyewe!" Kikazuka kicheko ambacho Tabita aliendelea kukisikia wiki nzima.

Alivua glovu akazitupa chini. Alishaanza kuondoka alipoitwa.

"Wewe, mama. Njoo uone."

"Nimeona. Kimevunjika."

"Hujaona. Njoo."

Akarudi, shingo imekakamaa. Crisanto akaligeuza lile vunjiko kwenye mwanga, akamwonyesha kwa ncha ya msumari. Juu chuma kilikuwa kimeyeyuka kikashikana barabara. Chini, kwenye mzizi, kulikuwa na mstari mweusi, mabamba mawili yamekaa jirani bila kujuana.

"Juu wameoana," Crisanto akasema kwa lafudhi yake, "chini hawajawahi kuonana. Geti halijali. Bahari inajali. Mkono wako ni mzuri. Moto wako mdogo, na umeharakisha mwanzo kwa sababu unapenda kumaliza vizuri watu waone. Mwezi ujao tunapima tena."

Tabita alitikisa kichwa kukubali, jambo ambalo watu wa Kamkumung wangelipia kiingilio kuliona. Aliomba vile vipande vya chuma, akavitia mkobani, akatembea kurudi nyumbani kwenye mvua.

Kepas alikuwa mlangoni akimenya karanga. "Wamekupa zawadi?"

"Wamenipa aibu. Nzito, shika."

Kepas akakipima kile chuma mkononi. "Watu wengine hupewa barua tu," akasema. "Hii angalau unaweza kuegeshea mlango."

Tabita akacheka bila kupenda. Na alipokuwa akicheka akagundua kwamba hasira aliyokuja nayo hata hakuikuta. Zile kampuni mbili za zamani zilimfanya awaze usiku na mchana amekosa nini. Leo alijua alichokosa, alikuwa amekishika mkononi, na kilikuwa kitu cha kurekebishika.

Akampigia mjomba Hagai kwa simu ya jirani, akamlaumu nusu kwa utani. "Mjomba, ulinifundisha juu tu, chini ukaniacha."

"Mimi nilikufundisha vitanda," Hagai akamjibu kwa ukali. "Nani alikutuma kwenye meli? Ukitaka meli, jifunze meli. Na usinipigie wakati wa mpira."

Akajifunza. Alinunua mabaki ya vyuma vizito kwa wauza skrepa, akaongeza moto, akaacha nafasi kati ya mabamba, akaanza chini polepole akisubiri hadi aone tundu dogo la moto likitembea mbele ya mkono wake. Kisha alikata, akakunja kwa jeki ya gari iliyofungwa kwenye gogo, akavunja, akatazama. Wateja wa mageti walilalamika. Kepas aliwaambia mke wake anasomea udaktari wa vyuma, wamvumilie. Vipande vilivyovunjika vikajaa ukutani mwa kibanda, kisha pole pole vikaanza kuwa vipande vilivyopinda.

Mwezi uliofuata yule wa shemeji alikuwa kwenye mstari tena, naye pia alivunjikiwa mara ya kwanza. Jina lake lilikuwa Sio. Safari hii hawakutaniana sana. Jeki ilipokibana kipande cha Tabita, chuma kilipinda, kikaendelea kupinda, hadi ncha zake zikakaribia kugusana kama jani la mgomba lililokunjwa kufungia chakula. Ufa haukuonekana. Crisanto akakishika, akapitisha kidole nje na ndani, akakirudisha.

"Jumatatu," akasema. "Saa moja asubuhi. Buti za saizi yako."

Ndani ya ofisi Bi Kila alimuuliza amesoma hadi wapi. Tabita akasema, "La nane. Nikafeli."

"Na kuchomelea?"

"Nikafeli pia. Nikarudia."

Bi Kila akacheka hadi akavua miwani. "Darasa la nane hawakukupa nafasi ya kurudia?"

"Hakuna aliyeniambia nilikosa nini, dada. Ningerudia wapi?"

Hivyo ndivyo Tabita alivyoingia kwenye matumbo ya meli. Alichomelea matishali, vivuko, na boti za kubeba mbata. Alijifunza kulala chali kwenye maji machafu akichomelea juu ya uso wake, na kunyamaza, maana ndani ya tangi la meli hata sauti yake ilimrudia kwa kishindo. Yule Sio naye alipata kazi mwezi mmoja baadaye, wakawa majirani wa zamu, wakigawana popoo na matusi. Wakaja wengine pia: kijana aliyekuwa akitengeneza mikokoteni sokoni, katekista mstaafu, na binti mmoja wa Goroka, Hilda, mwenye shahada ya uhandisi, ambaye siku ya mtihani aliuliza kama shahada itamharibia.

"Haiharibu, haisaidii," Tabita akamwambia. "Iweke mkobani isilowe, chukua bamba."

Kipande cha Hilda kilipinda vizuri tu. Baba yake alikuwa na gereji, na yeye amekulia chini ya magari.

Mzee Crisanto alipostaafu kurudi kwao, yadi ilimpa Tabita kazi ya kusimamia mtihani. Hapo ndipo alipojua kwamba ni rahisi kupimwa kuliko kupima. Habari zilifika Finschhafen kabla hajaoga. Ndugu wa lugha moja wakaanza kumtembelea. Huyu analeta ndizi, yule analeta jogoo, mwingine analeta tu ukoo, anauhesabu tangu babu hadi ufike kwa kijana fulani aliyekaa pembeni anayeangalia vidole vyake.

"Jogoo nitamla," Tabita aliwaambia kila mara. "Lakini jeki haili kuku. Mlete kijana tarehe ya mtihani."

"Wewe huwezi kumwambia hiyo jeki?" mama mmoja akauliza kwa upole.

"Mama, jeki haina ndugu. Nimejaribu kuiamkia, haiitikii."

"Wajaribu nguruwe," Kepas akasema kutoka jikoni. "Labda kuku ni wadogo."

Kisha akaja Nason, mtoto wa mjomba Hagai. Cheti chake cha chuo kilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, safi kama siku kilipotolewa, lakini tangu akipate alikuwa ameuza vocha, amebeba mizigo bandarini, amefanya kila kitu isipokuwa kuchomelea, kwa sababu kila mahali palikuwa pamejaa. Alimkumbatia Tabita getini. "Dada, sasa nimefika nyumbani," akasema.

Tabita alimpa mabamba kama wengine. Akajilazimisha kutazama upande mwingine. Nason alijitahidi, akasimama katikati, akaanza tena. Tabita mwenyewe ndiye aliyesukuma jeki, na aliisikia kabla haijalia. *Tak.*

"Njoo uone," akamwambia, kama alivyoambiwa yeye.

"Nione nini?" Nason akasema kwa sauti ya chini, mbaya kuliko kelele. "Baba yangu alikushika mkono ukiwa huna hata kandambili. Leo unanivunjia chuma mbele ya watu?"

Akaondoka. Jioni ile simu zilianza. Shangazi mmoja akamwambia ana moyo wa bati. Mwingine akasema mji umemla. Tabita alikaa kitini bila kumtania mtu, na Kepas, alipoona hivyo, naye akaacha mzaha, akamwekea sahani ya viazi na mboga, akakaa karibu yake.

"Ningemwingiza," Tabita akasema. "Yule Sio asingesema. Bi Kila asingejua."

"Na kivuko cha Finschhafen mnachokichomelea kinapandwa na nani?"

"Na mama yako."

"Basi kula," Kepas akasema.

Siku chache baadaye mjomba Hagai akashuka bandarini mwenyewe, fimbo mkononi, macho yameingia ukungu wa uzee, Nason nyuma yake amebeba begi. Hakusalimia vizuri. Alikaa kibandani kwa Tabita na kusema, "Hicho chuma kiko wapi?"

Tabita akakileta. Alikuwa amekihifadhi, akitumaini Nason atarudi kukitazama. Hagai akakishika karibu na pua, akaacha macho, akatumia dole gumba. Alilipitisha kwenye vunjiko mara kadhaa. Tabita alisimama kama mtoto wa darasa la nane.

"Nani kachomelea hiki?" mzee akauliza.

"Mimi, baba," Nason akasema.

"Ulikuwa umelala?"

"Sikulala."

"Basi moto ndio ulikuwa umelala." Akamgeukia Tabita. "Na wewe ungemwajiri huyu, ningekuja na hii fimbo kwa ajili yako, siyo yake. Mimi napanda kile kivuko, mtoto we. Sijui kuogelea." Kisha, kama aliyekumbuka kwamba amesafiri mbali mno kwa hasira fupi hivyo, akaongeza: "Chai hakuna katika nyumba hii?"

Chai ilikuwepo. Na mikate ya jiko la pipa, na samaki wa kopo, na vicheko vya kuanzia upya ambavyo mwanzoni vilikuwa vyembamba. Nason hakuomba msamaha kwa maneno. Jumamosi iliyofuata alifika kibandani amevaa suruali ya zamani, akauliza ni wapi mashine inawashwa. Tabita akamwonyesha. Kwa wiki nyingi alimfundisha kama mjomba alivyomfundisha yeye, ila kwa kelele zaidi. Nason alivunja vipande vingi. Mtihani uliofuata akashindwa tena kwa unywele tu, na safari hii yeye ndiye aliyeinama kwanza kutazama.

"Hapa nilisita," akasema.

"Hapo hapo," Tabita akasema, na moyo wake ukatulia, kwa sababu alijua mtu akishaona alipositia yuko karibu kufika.

Alifaulu kabla ya Krismasi. Bi Kila alimwandikisha, Sio akamkaribisha kwa kumwita Bwana Cheti, na Hilda, aliyekuwa sasa anachora ramani za matengenezo asubuhi na kuchomelea mchana, akamwambia asijali, kwamba yeye aliitwa Profesa mwaka mzima mpaka alipomwangushia Sio nyundo mguuni.

Yadi ilipofungwa kwa sikukuu, Tabita na Kepas walipanda kivuko kwenda Finschhafen. Kilikuwa kimetoka kwenye gati la yadi yao wiki ile ile, chini yake pamebadilishwa mabamba. Walipata nafasi kwenye sitaha kati ya magunia ya mchele, nguruwe wawili waliofungwa miguu, na kwaya ya vijana wa kanisani iliyokuwa inajaribu sauti ya tatu bila mafanikio. Mawimbi yalikuwa makubwa kidogo walipotoka kwenye ghuba. Bibi mmoja aliyekaa karibu yao akaanza kusali kwa sauti.

"Mwambie ni wewe uliyechomelea huko chini," Kepas akamnong'oneza mkewe. "Atulie."

"Nikimwambia atasali zaidi," Tabita akasema.

Akakunja khanga yake akaiweka juu ya gunia, akaegemeza kichwa. Injini ilinguruma sawasawa chini yake. Kepas aliendelea kuongea, kuhusu karanga, kuhusu mama yake, kuhusu jinsi mmoja wa wale nguruwe anavyofanana na mlinzi wa yadi, na alipogeuka kuona kama mkewe anacheka, akakuta amelala fofofo, mdomo wazi, kabla hata milima ya Lae haijapotea nyuma yao.